Ambatisha, gundua, kabidhi: jinsi mfumo endeshi unavyopaswa kuvijua vifaa vyake

Kitenzi "ambatisha" kimezoeleka mno katika Kiswahili cha kompyuta. Shina lake ni "ambata", yaani kushikamana na kitu kwa kukigusa, kama tope linavyoambata kwenye kiatu. Kutokana nalo kimepatikana kiambatisho cha barua pepe, na hapo neno limekaa mahali pake, kwa sababu faili husafiri imeshikamana na barua. Tatizo huanza pale mfasiri anapokutana na maandishi yanayoeleza namna mfumo endeshi unavyoanza kukitumia kifaa. Mara nyingi hutoka na sentensi ya aina hii: "Mfumo hugundua kifaa na kukiambatisha." Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro. Kasoro iko katika maana, kwani ndani ya maneno hayo matano yamefichwa matukio matatu au manne yasiyofanana, na katika kompyuta nyingi za leo tukio la kwanza, yaani kugundua, kwa baadhi ya vifaa halitokei kabisa.

Jambo hili si la wanaistilahi peke yao. Mathalani, mwanafunzi anaunganisha kipimajoto kidogo cha aina ya LM75 kwenye bodi ya Raspberry Pi. Amesoma kwamba mfumo hugundua vifaa, kwa hiyo anasubiri kipimajoto kigunduliwe. Hakigunduliwi. Anabadilisha waya, anabadilisha kipimajoto, anasakinisha upya kiendeshi, na mwisho anahitimisha kuwa bodi ni mbovu. Waya ulikuwa mzima, kipimajoto kizima, na kiendeshi kilikuwamo ndani ya mfumo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni maelezo: hakuna aliyeuambia mfumo kwamba kifaa hicho kipo. Kitenzi kisichofaa kilimpeleka mwanafunzi kutafuta kosa mahali ambapo halikuwapo.

Katika makala haya "kerneli" ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ile inayomiliki kumbukumbu na vifaa. "Kiendeshi" ni programu inayojua kukiongoza kifaa cha aina fulani. Msomaji asiichanganye na diski, ambayo baadhi ya tafsiri huiita kwa jina hilo hilo. "Programu dhibiti" ni ile inayokaa ndani ya mashine yenyewe na kuamka kabla ya mfumo endeshi.

Kupapasa

Mashine za mwanzo za UNIX hazikuuliza wala kuambiwa. Kerneli ilijengwa ikiwa na orodha ya vifaa na anwani zake, na kifaa kikihamishwa, kerneli ilijengwa upya. Mwaka 1981 toleo la 4.1BSD, lililotoka katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilileta utaratibu wa mfumo kujipanga wenyewe wakati wa kuwaka: viendeshi vilijaribu anwani zinazojulikana na kutoa jawabu iwapo kulikuwa na kifaa.

Kitenzi kinachostahili hapa ni "papasa". Mtu anayepapasa gizani hujua kitu kwa kukigusa, na huweza kukiangusha kabla ya kukijua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hasa katika kompyuta za mezani zilizotumia kadi za ISA. Kiendeshi kiliandika thamani fulani mahali fulani na kutazama kama kitajibiwa inavyotarajiwa, lakini huenda mahali hapo palikuwa na kifaa kingine kabisa, ambacho maandishi hayo kwake yalikuwa amri. Kadi za mtandao za aina ya NE2000 zilijipatia sifa mbaya kwa jambo hilo: zikipapaswa na kiendeshi kisicho chao, mashine nzima iliweza kuganda.

Kujitambulisha

Basi la PCI, lililotolewa mwaka 1992, liligeuza uhusiano huo. Kila kifaa kilichomo kwenye PCI kina eneo la taarifa lenye mpangilio uliokubaliwa na wote: biti 16 za kwanza hutaja mtengenezaji, na 16 zinazofuata hutaja bidhaa. Namba ya Intel, ikiandikwa katika hesabu ya msingi wa 16, ni 8086, ukumbusho wa kichakato chake cha mwaka 1978. Mahali pasipo na kifaa husomeka FFFF, kwa hiyo hata kimya kina maana iliyokwisha kukubaliwa. Kerneli hupita kila nafasi na kuuliza swali moja lisilo na madhara.

USB, iliyotokea mwaka 1996, ilikwenda mbali zaidi, na Waswahili wana neno lake tayari: kifaa cha USB hupiga hodi. Kinapochomekwa, hubadilisha hali ya umeme katika waya mmojawapo wa data. Kitovu alichochomekewa mgeni huyo hutambua badiliko na kuiarifu kerneli. Mgeni huulizwa maswali akiwa bado kwenye anwani 0, ambayo ni kama ukumbi wa wageni wote. Kisha hupewa anwani yake kati ya 1 na 127. Hueleza mtengenezaji wake, bidhaa, na mara nyingi jamii yake, ili hata kama kiendeshi cha bidhaa hiyo hasa hakipo, kiendeshi cha kibodi zote au cha flashi zote kiweze kuichukua.

Mwanaisimu atatambua kwamba hapa mtenda amebadilika. Katika kupapasa, mtenda ni kiendeshi. Katika PCI na USB, kifaa ndicho chenye taarifa, na kitenzi chake ni "jitambulisha", chenye kiambishi -ji- cha kujirejea na kauli ya kutendesha. Mfasiri anayeandika "mfumo hugundua" hapa hajakosea sana, ila amempa mwenyeji sifa ya mgeni.

Kuelezwa

Ndani ya simu janja, kipanga njia cha intaneti au bodi kama ile ya mwanafunzi, vifaa vingi haviwezi kujitambulisha. Si kwa sababu ni duni. Ni kwa sababu watengenezaji hawakuona haja ya kugharimia uwezo huo kwa vitu vilivyoungwa moja kwa moja kwenye bodi na ambavyo havitahama. Kipimajoto cha LM75 hutumia njia ya I2C, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982. Njia hiyo ina waya mbili tu za mawasiliano na anwani za biti 7, ambazo baada ya kutoa zilizotengwa hubaki 112. LM75 hukaa mahali fulani kuanzia 48 hadi 4F katika hesabu ya msingi wa 16. Tatizo ni kwamba ADS1115, kifaa cha kugeuza volti kuwa tarakimu, nacho hukaa 48. Kerneli ikiita "48" na kuitikiwa, imejua kwamba kuna mtu nyumbani. Haijajua ni nani. Na I2C haina swali la "wewe nani?" ambalo vifaa vyote vinalazimika kulijibu. Ikiamua kupapasa, hatari za ISA zinarudi: kuna vifaa ambavyo kule kusomwa tu huvifutia alama ya tahadhari iliyokuwa ikisubiri kushughulikiwa.

Njia iliyobaki ni kuelezwa. Aliyetengeneza bodi anajua alichokiweka na mahali alipokiweka, na ujuzi huo lazima uandikwe mahali ambapo kerneli itausoma. Kampuni ya Sun ilifanya hivyo katika mashine zake tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1994 utaratibu wake ukawa kiwango cha kimataifa kwa jina la Open Firmware, namba IEEE 1275. Programu dhibiti iliukabidhi mfumo endeshi mti wa vifaa, yaani maelezo yaliyopangwa kwa nodi, nodi ndani ya nodi. Wanafunzi wa sintaksia waliozoea mchoro matawi wa sentensi hawatapata taabu kuufahamu. Baadaye mti huo ulifanywa kuwa faili fupi inayoweza kubebwa hata na mashine zisizo na Open Firmware.

Kuenea kwake kulikuja na ugomvi. Hadi mwaka 2011 kila bodi yenye kichakato cha ARM ilikuwa na faili zake za programu ndani ya Linux, na bodi zilikuwa zikiongezeka bila kikomo. Maelezo na utendaji viliandikwa kwa lugha moja, katika faili moja. Machi mwaka huo Linus Torvalds alilalamika hadharani juu ya hali hiyo, na bodi mpya zikaanza kutakiwa zije na mti wa vifaa. Yaliyokuwa programu yakawa data.

Nodi ya kipimajoto katika mti huo ni fupi. Ina anwani, 48, na ina sifa iitwayo "compatible", ambayo thamani yake ni "national,lm75". Jina la sifa hiyo hutafsiriwa kwa kawaida kuwa "patanifu", na ni sawa, ila mwalimu aongeze kwamba hapa haimaanishi kifaa kinapatana na mashine. Inamaanisha kwamba kifaa kinaweza kuendeshwa kana kwamba ni hicho kilichotajwa. Ndiyo maana thamani yake huweza kuwa orodha inayoanza na jina mahususi zaidi na kuishia na la jumla. Kerneli isiyoujua mtindo mpya wa chipu huweza kumjua babu yake.

Kuna sifa nyingine katika mti ambayo Kiswahili kinaieleza vizuri kuliko lugha nyingi. Chipu moja ya simu huweza kuwa na milango minne au mitano ya mawasiliano ya aina moja, lakini bodi ikatoa njia ya umeme kwa miwili tu. Maelezo ya chipu huitaja milango yote, kisha maelezo ya bodi huweka kwenye kila nodi hali yake: inafaa au imesitishwa. Wafasiri wengi huandika kwamba mlango uliositishwa "haupo", na wengine kwamba "umezimwa". Lakini Kiswahili kina -po, -ko na -mo. Mlango huo umo ndani ya chipu, haupo kwenye bodi. Haujazimwa na mtu, na huenda ukawezeshwa kesho kwa kubandikwa bodi nyingine juu yake. Kerneli inayochukulia "umesitishwa" kuwa sawa na "haumo" itashindwa siku hiyo.

Kuhusu bodi zinazobandikwa juu, Raspberry Pi ina utaratibu wa kuvutia tangu mwaka 2014. Bodi ya nyongeza iliyotengenezwa kwa kufuata masharti yake hubeba kichipu kidogo cha kumbukumbu, na ndani yake mna jina la mtengenezaji pamoja na kipande cha mti wa vifaa. Bodi yenyewe haiwezi kuongea, lakini imekuja na barua ya utambulisho, kama mgeni anayeingia ofisini na karatasi ya serikali ya mtaa mkononi.

Maelezo yenye vitenzi

Kompyuta za mezani na mpakato zilifuata njia nyingine. Mwaka 1996 Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kiwango cha ACPI, ambacho tangu 2013 kinatunzwa na jumuiya ya UEFI Forum. Nacho hukabidhi mfumo endeshi mti wa maelezo. Tofauti ni kwamba mti wa vifaa ni maandishi ya nomino na sifa peke yake, ilhali ACPI ina vitenzi. Ndani ya majedwali yake mna programu ndogondogo zilizoandikwa na mtengenezaji wa mashine, na kerneli hulazimika kuwa na mkalimani wa kuzitekeleza. Ikitaka kujua kama kifaa kipo, haisomi neno. Huita utaratibu, na utaratibu huo hurudisha biti, moja ya kuwapo, nyingine ya kuwezeshwa, nyingine ya kufanya kazi ipasavyo.

Vitenzi vina faida. Mtengenezaji anaweza kuficha ndani yake namna ya kuwasha na kuzima kifaa, na mfumo endeshi wa zamani ukaendesha mashine mpya bila kujua undani. Vina gharama pia, kwa kuwa msimulizi mwenye vitenzi anaweza kubadili simulizi kulingana na msikilizaji. ACPI inayo hata njia ya programu dhibiti kuuliza mfumo endeshi ni nani. Linux ikiulizwa kama ni Windows, hujibu ndiyo. Ikiulizwa kama ni Linux, hujibu hapana. Haikuamua hivyo kwa mzaha. Watengenezaji wengi walijaribu mashine zao kwa Windows tu, na tawi la simulizi lililotengwa kwa wengine lilikuwa na makosa ambayo hakuna aliyewahi kuyapitia.

Hapa istilahi "programu dhibiti" inabana kidogo. Neno la Kiingereza lilibuniwa na Ascher Opler mwaka 1967 kwa ajili ya kitu kilicho kati ya maunzi na programu. Kiswahili kimechagua kutaja kazi yake, kudhibiti. Katika suala la vifaa, kazi yake kubwa ni kusimulia. Tena katika bodi nyingi za ARM msimulizi huyo si wa mashine hata kidogo, kwa sababu faili ya mti wa vifaa hutungwa na kusambazwa pamoja na kerneli yenyewe. Istilahi haihitaji kubadilishwa kwa sababu hiyo, lakini mfasiri asishangae akikuta "maelezo ya programu dhibiti" ambayo programu dhibiti haikuyaandika.

Maelezo si kifaa

Kutokana na hayo linazuka swali la namna kerneli inavyopaswa kuyapokea maelezo. Rahisi zaidi ni kuchukua kila nodi na kuifanya kifaa. Urahisi huo ni wa kudanganya. Katika mti wa vifaa mna nodi za kumbukumbu, za majina ya mkato, na za matakwa ya wakati wa kuwaka. Hakuna hata mojawapo inayohitaji kiendeshi. Kwa upande mwingine, flashi iliyochomekwa mchana huu haina nodi popote, na hakuna mtu anayetarajia iwe nayo. Kuna nodi moja inayozaa vifaa kadhaa ndani ya kerneli, na kuna kifaa kimoja kinachokusanya taarifa zake kutoka nodi kadhaa. Jina na kitajwa havilingani moja kwa moja, na hilo kwa mwanaisimu si habari mpya.

Mpango unaoelekea kuwa sahihi, na ambao Linux imeusogelea hatua kwa hatua tangu toleo la 2.6 la Desemba 2003, ni kerneli kuwa na mti wake yenyewe wa vifaa, mmoja, bila kujali habari za kila kifaa zilitoka wapi. Nodi ya maelezo, ikiwapo, huning'inizwa pembeni ya kifaa kama rejeo. Kiendeshi kikitaka kujua kasi au ukubwa fulani, humwuliza kifaa, na kerneli hutafuta jibu katika mti wa vifaa au katika ACPI kulingana na mashine. Toleo la Linux la Februari 2015 lilileta njia hiyo moja ya kuuliza. Ilihitajika hasa kwa sababu chipu ile ile ilianza kuuzwa ndani ya mashine zinazoelezwa kwa lugha mbili tofauti, na hakuna mantiki ya kuandika kiendeshi mara mbili kwa sababu wasimulizi ni wawili.

Katika mti huo wa kerneli kila kifaa hukaa kwenye basi. Neno hili huwachekesha wanafunzi, lakini mkopo wake una nasaba nzuri: basi la abiria na basi la umeme yote yametokana na neno la Kilatini lenye maana ya "kwa ajili ya wote", na njia ya umeme inayotumiwa na vifaa vingi kwa pamoja ni ya wote kweli. Kisicho cha wote ni lile basi la kubuni ambalo Linux ililazimika kuliunda kwa ajili ya vifaa visivyo na basi, vile vilivyomo ndani ya chipu na kujulikana kwa maelezo tu. Kwa miaka mingi basi hilo limekuwa kama stoo ya nyumbani: kila kisichopatiwa nafasi hutupwa humo, hata vitu visivyo vifaa.

Hali ngumu kuliko zote ni ile inayochanganya kuelezwa na kujitambulisha. Chipu ya Wi-Fi ya PCI, ikiwa kwenye kadi, hujitambulisha vizuri. Chipu hiyo hiyo ikiungwa kwenye bodi ndogo huweza kuachwa bila umeme hadi mtu aiwashe kwa kufuata mpangilio fulani: kwanza volti hii, kisha mapigo ya saa, kisha kuachia waya wa kuiamsha. Ikiwa imelala, nafasi yake kwenye PCI husomeka FFFF. Kiendeshi kinachojua kuiamsha hakikabidhiwi hadi chipu ijitambulishe, nayo haiwezi kujitambulisha hadi iamshwe. Vitovu vya USB vilivyoungwa ndani ya bodi vina shida ile ile. Kwa miaka kadhaa watengenezaji waliepa kwa kuiwasha chipu wakati wa kuanza na kutoizima tena, jambo linalomaliza betri. Katika miaka ya karibuni Linux imekubali kwamba kitu kimoja kinaweza kuingia kwa milango miwili: nodi ya maelezo huzaa kwanza kifaa kidogo ambacho kazi yake ni kuwasha umeme tu, kisha chipu ikiisha kuamka na kujitambulisha kwenye basi, kerneli huunganisha sura hizo mbili kwa kutambua kuwa nodi yao ni moja. Sentensi ya Kiswahili ya kueleza hali hiyo inahitaji vitenzi vyote viwili, na kwa mpangilio huo: kifaa huelezwa, huamshwa, kisha hujitambulisha.

Mzazi mmoja, walezi wengi

Mti una mzazi mmoja kwa kila mtoto. Kipimajoto ni mtoto wa njia ya I2C, nayo ni mtoto wa chipu kuu. Uzazi huo hueleza anwani, yaani kwa nani upite ili umfikie mtoto. Lakini kipimajoto hupata umeme kutoka kwa kifaa kingine, na kikiwa na tahadhari hupeleka ombi la katizo kwa kifaa cha tatu. Kamera ya simu huweza kuhitaji vidhibiti vitatu vya umeme, mapigo ya saa na waya wa kuamshia, kila kimoja kikitoka tawi tofauti. Fasihi ya Kiingereza ya fani hii hutumia neno la uzazi hata kwa anayepokea makatizo, na mfasiri akilifuata atampa mtoto wazazi wawili wasiojuana. Kiswahili kina "mlezi". Mzazi ni wa anwani. Walezi ni wa umeme, saa na makatizo.

Tofauti hii hujitokeza wakati wa kuwaka. Kiendeshi cha kamera huenda kikaitwa kabla mlezi wake wa umeme hajawa tayari. Tangu mwaka 2012 Linux hukiruhusu kiendeshi kujibu kwamba kirudiwe baadaye, na kerneli hukirudia kila viendeshi vingine vinapofanikiwa. Ni dawa iliyofanya kazi, lakini ni ya kubahatisha. Mashine huweza kurudia maombi mengi bure, na mlezi asipofika kabisa, kamera husubiri bila mtu kujua inamsubiri nani. Kusoma malezi yote katika maelezo mapema na kupanga foleni kwa kuyafuata ni bora zaidi, na mwaka 2021 Linux iliufanya utaratibu huo kuwa wa kawaida kwa mashine zenye mti wa vifaa. Hata hivyo malezi hayo huweza kuzunguka: A anamlea B kwa saa, B anamlea A kwa umeme. Hapo kerneli hulazimika kukata kamba mahali fulani.

Kukabidhi

Yote yaliyotangulia yanahusu kujua. Tukio ambalo kwalo kifaa huanza kutumika ni jingine, na ndilo lililobebeshwa "ambatisha". Kinachotokea ni kwamba basi humtafuta kiendeshi anayefaa na kumpa kifaa, na tangu hapo kiendeshi huyo peke yake ndiye mwenye haki ya kukigusa na dhima ya kukitunza. Kitenzi cha tendo hilo ni "kabidhi". Kina mkabidhi, mkabidhiwa na amana, na vyote vitatu vipo: basi, kiendeshi, kifaa. "Ambatisha" kina vitu viwili vilivyogusana tu. Kwa tendo la mkono la mtumiaji, Kiswahili cha mitaani kina "chomeka", na hakuna sababu ya kulionea haya katika maandishi rasmi.

Mtego mkubwa zaidi kwa wafasiri uko katika jina la kazi iitwayo "probe". Katika FreeBSD kazi hiyo hutathmini tu: kila kiendeshi husema kinakifaa kifaa kwa kiwango gani, mwenye kiwango cha juu hushinda, kisha ndipo kazi nyingine hufanya makabidhiano. Katika NetBSD tathmini na makabidhiano navyo vimetenganishwa, kwa majina mengine. Katika Linux ulinganishaji hufanywa kabla kwa majedwali ya namba na majina, na kazi yenye jina hilo hilo ndiyo makabidhiano yenyewe. Anayetafsiri "chunguza" katika mifumo yote mitatu ameandika sahihi kwa FreeBSD na kosa kwa Linux. Sababu ni ya kihistoria: zamani kiendeshi kilipapasa, na kikikipata kifaa kilikichukua papo hapo. Upapasaji umetoweka, jina limebaki.

Kuhusu kinyume chake, kauli ya kutendua inatoa "chomoa" kutokana na "chomeka", lakini "kabidhi", kwa kuwa ni neno la mkopo kutoka Kiarabu, halina umbo hilo. Pengo hilo linajazwa na vitenzi viwili visivyobadilishana. Kerneli ikimwomba kiendeshi aache kifaa ambacho bado kipo, kiendeshi hukizima kwa utaratibu na kukirejesha. Mtumiaji akichomoa flashi bila kuaga, hakuna cha kurejesha. Kiendeshi kimenyang'anywa, na kila amri kitakayotuma itarudi na kosa. Wakati huo huo huenda programu fulani bado imefungua faili iliyokuwa kwenye flashi hiyo, kwa hiyo kerneli haiwezi kufuta rekodi ya kifaa hadi programu hiyo ifunge. Kifaa hakipo tena, rekodi yake ingalipo, na maandishi yanayosema "kifaa kimeondolewa" kwa hali zote mbili humwacha msomaji asijue ni kipi kati ya hivyo kilichoondoka.